Kivuva Alivyovuliwa Nguo Katika Maombi

Fundi wa deki za video ana shida ambayo seremala hana. Seremala akimaliza kiti anakikalia. Kisipovunjika, kazi imeisha. Deki lazima uitie kanda, uketi mbele ya runinga, uangalie. Kivuva alikuwa fundi wa pekee wa redio na deki pale sokoni Kanyangi mwanzoni mwa miaka ya tisini, akitumia betri za gari kwa sababu stima ilikuwa bado ni ahadi ya wanasiasa. Mteja wake mkubwa alikuwa Ndululu, mwenye chumba cha video nyuma ya bucha. Mchana Ndululu alionyesha karate. Jioni alifunga mlango akaonyesha bluu, zile picha za watu waliosahau nguo. Kanda za karate hazikwami sana. Inayokwama ni ile inayorudishwa nyuma kila mara kwa ombi la wazee wenye heshima zao.

Ndivyo ilivyoanza, kikazi kabisa. Kivuva alichomoa kanda iliyokwama, akasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa spiriti, akajaribu. Ilicheza vizuri. Akajaribu tena, mtu makini. Kufikia mwaka wa pili alikuwa akilegeza skrubu za deki ya Ndululu kabla ya kuirudisha, ili iharibike upesi na irudi na kanda mpya tumboni. Nyumbani mkewe, Mutindi, aliambiwa kazi ni nyingi. Alimwonea huruma, akawa anamletea uji dukani.

Kilichomshtua Kivuva si mahubiri. Mama mmoja mzee, Mbinya, alileta redio yake ndogo, waya mmoja tu umekatika. Ilikuwa kazi ya kuyeyusha risasi kidogo, kuunga waya na kufunga. Kivuva alimwambia kesho, halafu kesho tena, kwa sababu deki ilikuwa juu ya meza. Wiki hiyo idhaa ya redio ilitangaza vifo kwa Kikamba kama kawaida yake, na ndugu wa Mbinya, aliyekuwa akiishi Ikutha, akatangazwa na kuzikwa bila dada yake kujua. Mama alipokuja hakugomba. Aliuliza tu, "Na sasa imepona, mwanangu?"

Siku hiyo Kivuva aliapa. Lakini hamu haikuhudhuria kiapo. Ilimjia ameshika bisibisi, ilimjia jenereta ya Ndululu ikianza kunguruma, ilimjia kanisani katikati ya wimbo. Mdomo ulikauka, masikio yakashika moto, na kichwa kikaanza kumtetea kama wakili: mara moja tu, ya mwisho, ya kuaga. Alikuwa ameshaaga mara nyingi.

Polepole akagundua kitu ambacho hakuna aliyemwambia. Hamu ni kama homa ya malaria. Inatetemesha, inachoma, halafu inatoka na jasho, inakuacha umechoka lakini mzima. Kazi ni kutokuwa karibu na deki wakati hamu imepanda. Akamrudishia Ndululu mashine zake.

"Kwani umeokoka tena?" Ndululu akauliza.

"Nimechoka."

Hamu ikimpata nyumbani, alichukua jembe akaenda kuchimba matuta ya kuzuia udongo. Alichimba kama mtu anayefukuzwa, na ukweli ni kwamba alikuwa anafukuzwa. Bwana shamba akaleta wakulima kutoka Makueni waje waone kilima kilichokatwa ngazi kwa ngazi, safi kama nywele za msichana aliyesukwa. "Siri ni nini?" wakauliza. "Ni bidii," akasema Kivuva, na Mutindi kando yake akavimba kwa fahari.

Ikimpata sokoni, alivuka kwenda veranda ya jirani, kwa Nzioka, fundi cherehani, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Huyo ndiye mtu pekee aliyemwambia.

"Imekuja, mwana wa mama."

"Kaa hapa. Nishikie hiki kitambaa."

Kivuva alishika ncha ya suruali ya mtu, Nzioka akikata, wote wawili wakimsengenya mchungaji, mpaka joto limtoke. Nzioka hakuuliza maswali. Kwa mwaka mzima huo ndio ulikuwa urafiki bora katika wilaya ya Kitui.

Kisha kanisa likatangaza uchaguzi wa wazee. Nzioka alikitaka kiti hicho, lakini alijulikana kwa jambo moja tu, kuchelewesha nguo za watu. Alihitaji kuonekana mchunga kondoo. Na alikuwa na kondoo mmoja.

Kanisa lile lina sheria ambayo haikuandikwa popote. Mahubiri unaweza kuyakoholea, tangazo unaweza kulipinga, na mchungaji mwenyewe alishawahi kuambiwa akae chini. Lakini mtu akifumba macho na kusema "Ee Bwana," hakuna wa kumkatiza mpaka afike amina. Hata kama anamweleza Mungu mimba ya binti ya mwenyekiti, mnatulia.

"Ee Bwana," Nzioka akaanza Jumapili hiyo, kwa sauti ya kutetemeka ambayo haikuwa yake, "unamjua ndugu yetu Kivuva."

Kivuva akafurahi. Alidhani ni habari ya matuta.

"Unamjua, Baba, fundi wa redio, mwenye mlango wa kijani. Unazijua zile kanda chafu alizokuwa akiangalia, Bwana. Unajua vile alikuwa akiharibu deki makusudi. Hata Alhamisi ilimshika, akaja kwangu anatetemeka kama kuku wa mvua, na mimi mtumishi wako nikamshikilia."

"Amina," akaitikia mtu wa nyuma, kwa mazoea.

"Na yale matuta, Baba. Unajua yale matuta si matuta."

Macho yote yakafumbuka, isipokuwa ya Nzioka na ya Kivuva. Nzioka aliendelea kumpa Mungu habari kana kwamba Mungu alikuwa safarini. Kivuva alisimama palepale, amefumba. Ilipofika amina ya mwisho, aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote ni Ndululu, benchi la mbele.

Nje, Kivuva alimshika Nzioka mkono wa koti.

"Umenifanya nini?"

"Nimekuombea, mwana wa mama."

"Nilikuambia wewe peke yako!"

"Na mimi sijamwambia mtu. Nimemwambia Mungu."

"Mbele ya kanisa zima?"

"Si walikuwa wamefumba macho?"

Nzioka alichaguliwa mzee bila kupingwa.

Mutindi alitangulia nyumbani. Kivuva alimkuta amesimama shambani, akitazama kilima.

"Haya yote, baba Kalunde?"

"Yote."

"Na wageni wa Makueni nikawapikia kuku." Akamgeukia. "Mshona suruali alijua. Mimi mkeo nakuletea uji."

Kivuva alikuwa amelia njia nzima juu ya rafiki aliyemuuza, na sasa mbele yake alisimama mtu ambaye yeye mwenyewe alimuuza.

Jumanne hamu ilirudi, na mara hii ilikuja na chuki. Wameshasema u mchafu, ikamwambia, sasa unaosha nini? Ndululu akapita mbele ya duka akicheka. "Fundi, vile kila mtu anajua, si uje tu? Nina mpya." Kivuva akatoka nje. Kwenye veranda ya jirani, mzee mpya wa kanisa alimwona, akaelewa, akamnyooshea ncha ya kitambaa kama siku zote. Mkono ule ulibaki hewani. Kivuva alifunga mlango wa kijani, akazipa mgongo video na cherehani pamoja, akaenda nyumbani.

Mutindi alikuwa jikoni akichambua mbaazi. Hakuinua kichwa.

"Imekuja," Kivuva akasema.

Ungo ukasimama. "Inakaa muda gani?"

"Inategemea."

"Ikikushika huwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namwambia Nzioka."

Mutindi akafyonya. Kisha akasukuma ungo katikati yao. "Toa zilizoliwa na wadudu. Na usiniangalie."

Kivuva akakaa chini, akachambua. Mbaazi nzuri zikaenda na mbaya, mkewe akawa anazirudisha. Moshi uliwaliza wote wawili, au tuseme ni moshi. Mwishowe jasho likamshuka shingoni.

"Imeenda?"

"Inaenda."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na mimi sitakuombea."

"Asante," akasema Kivuva.