Vigae Tisa Vilivyobaki

Mafundi wenzake walimwita Bi Kamba, maana hakuwahi kubandika kigae kabla ya kuvuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Shule aliiachia darasa la saba. Sakafu alizitandika miaka ishirini na miwili, mpaka magoti yakawa magumu kama visigino.

Asubuhi moja alimaliza vyumba viwili vya zahanati mpya. Cha kwanza kilikuwa mraba, vigae ishirini kwa ishirini. Cha pili kilikuwa chembamba kidogo, kumi na saba kwa ishirini na tatu. Msimamizi alikuwa ameagiza vigae mia nne kwa kila chumba, kwa sababu alipima kuta kwa kuzunguka akakuta zinalingana. Lakini chumba cha pili kilipoisha, vigae tisa vilibaki.

"Mama, kuna mahali umeruka," msimamizi akasema.

"Basi pita ndani unionyeshe."

Akapita, akainama kila kona, asione pengo.

Mwingine angevirudisha stoo, yakaisha. Bi Kamba alikosa raha. Kwa nini tisa, si saba wala kumi? Alipofika nyumbani, hata maji hajanywa, akamwaga vigae vidogo vya bafuni sakafuni. Akapanga mraba wa tano kwa tano. Akaubadilisha uwe nne kwa sita: kimoja kikabaki. Tatu kwa saba: vikabaki vinne. Mbili kwa nane: tisa. Kila mara alipovipanga vilivyobaki, vilikaa mraba mdogo usio na pengo.

Wifi yake, mwalimu wa hesabu, aliingia akamkuta amepiga magoti.

"Wifi, kazi hadi nyumbani?"

"Njoo uone kiini macho." Akamsimulia vyumba viwili vya zahanati, kisha akarudisha mraba wa tano kwa tano, akaondoa safu mbili za chini. "Hivi ni kumi. Nikivihamishia ubavuni, ubavu umeshafupika, unapokea safu mbili za vitatu, sita tu. Vinne vinakosa pa kukaa."

Mwalimu akashika mdomo. Kisha akatoa chaki mkobani, akaandika sakafuni: (a + b)(a − b) = a² − b².

"Nimefundisha hii miaka kumi na moja," alisema, "leo ndiyo nimeiona."

"Herufi za nini tena?"

"a ni ishirini yako, b ni tatu. Upande mmoja umeongeza tatu, mwingine umepunguza tatu. Unapata mraba mkubwa, ukitoa mraba mdogo."

"Na b ikiwa nusu?"

"Namba yoyote, wifi."

"Yoyote ni neno kubwa hilo." Bi Kamba akachukua penseli, akazidisha kwa njia ndefu ishirini na nusu kwa kumi na tisa na nusu. Jasho likamtoka. Jibu: mia tatu tisini na tisa na robo tatu. Akalitazama, akaangua kicheko. "Imepungua robo! Nusu kwa nusu, robo ya kigae!"

Wiki iliyofuata wifi yake alimwalika darasani na vigae vyake. Wanafunzi walisogea hadi wakakanyagana. Alipomaliza, binti mmoja akauliza, "Shangazi, na b ikiwa kubwa kuliko a?"

Bi Kamba akajikuna kichwa. Utaondoaje safu nyingi kuliko zilizopo?

"Hapo sijafika, mwanangu."

Akavuta kiti, akaketi mstari wa mbele kabisa, akamgeukia wifi yake. "Haya, mwalimu. Tuambie."