Jina Pembezoni mwa Kaye

Nakumbuka siku moja nilibishana na mzee wa watu kuhusu rangi ya ncha ya bawa, na bawa lenyewe halikufika urefu wa kiganja. Cheka, mwanangu, nimekuruhusu. Cheka sasa, maana huko mbele hutapata nafasi.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, diplome iko ukutani, kazi hakuna. Wakimbizi walikuwa wamejaa hadi kandokando ya barabara, na vita ilikuwa inanukia. Vijana wenzangu walihangaika, huyu akisukuma mizigo kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao, yule akiuza sambaza, dagaa wa soko la Kituku. Mimi nilikaa nyumbani kwetu, mtaa wa Murara. Mama alikuwa akiwaelekeza wageni: "Tafuteni nyumba yenye kijana anayechunga kiti."

Nikichunga kiti, nilikuwa nachonga ndege. Ilikuwa jeti ndogo ya kijeshi, ile ya kufundishia marubani, ambayo utotoni niliiona ikizunguka juu ya uwanja wetu wa ndege. Mwili niliuchonga kwa mbao za sanduku, mabawa kwa bati la kopo la mafuta, kioo cha rubani nikakikata kwenye chupa ya plastiki. Nilitaka iwe vile ilivyokuwa miaka ile hasa, hadi rangi. Ndipo nikaenda kwa Papa Amisi, nyumba sita kutoka kwetu, safari yangu ndefu kuliko zote za mwaka ule.

Papa Amisi, mtu wa asili ya Maniema, alikuwa mekanisie, yaani fundi, wa ndege katika jeshi la zamani. Siku hizo alitengeneza redio za majirani. Aliigeuza jeti yangu mkononi kama anayekagua samaki sokoni.

"Kijana, hii ni ndege ama ni sambaza yenye bamepatia mabawa?"

"Ni ndege, Papa."

"Ya wakati gani?"

Nilidhani ananitania, kumbe ndilo lilikuwa swali lenyewe. Alinieleza kwamba mwanzoni, ilipokuwa ya kufundishia tu, ncha za mabawa zilipakwa rangi ya machungwa, ili mwanafunzi akipotea aonekane kutoka mbali. Baadaye waliipaka yote rangi ya majani na udongo, wakaning'iniza silaha chini yake. "Usichanganye. Chagua: ya kufundisha ama ya kuua."

Nilichagua ya kufundisha, ila nikashikilia kwamba ncha zilikuwa nyekundu, niliziona kwa macho yangu.

"Weye ulikuwa mutoto, uko chini," akasema. "Miye nilikuwa juu ya ngazi, burashi mukononi."

Nilirudi kwake mara nyingi. Alinifundisha kwamba ndani mna viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mwanafunzi hukaa mbele, mwalimu nyuma, na kila mmoja ana usukani wake. "Mutoto akikosea, muzee wa nyuma anashika. Bila ule wa nyuma, kosa moja tu, bote bamekwisha."

Yote niliyaandika katika kaye yangu, daftari la shule. Na kwa kuwa mwalimu wetu wa historia alitufundisha kwamba habari isiyotajwa aliyeisema ni uvumi, pembezoni mwa kila ukurasa niliandika kwa mwandiko mzuri: *Papa Amisi, mekanisie wa ndege za jeshi, Murara, mlango wa kijani.* Nilijiona msomi kweli kweli.

Kisha vita ikaingia, mji ukapata wenyewe wapya. Asubuhi moja askari wao walianza kupekua nyumba kwa nyumba, wakiwasaka watu wa jeshi la zamani. Kwetu waliingia wanne. Mmoja alivuta kaye chini ya godoro, akafunua michoro, vipimo, mahali pa matangi ya mafuta.

"Hii ni nini?"

"Ni muchezo, shefu." Nikamwonyesha jeti yangu.

Aliishika kwa vidole viwili, akacheka. "Mutu muzima na kidege!" Aliitupa chini, bawa likapinda, akanizaba kofi. Halafu akasoma ya pembezoni polepole, kidole kikifuata herufi hadi kwenye mlango wa kijani. Wakatoka na kaye.

Sasa sikiliza vizuri, mwanangu. Hawakwenda kwake moja kwa moja. Niliwasikia wakiingia kwa jirani wa kwanza, wakivunja vitu, kisha kwa wa pili. Ua wetu wa nyuma ulikuwa na tundu walimopita kuku, na mwembamba kama mimi angepenya. Ningefika kwa Papa Amisi kabla yao, nikamwambia maneno mawili tu, naye angeondoka.

Nilikaa. Nilijiambia labda hawatakwenda, labda nikitoka wataniona. Nikaiokota jeti, nikaanza kunyoosha bawa. Nilikuwa bado nalinyoosha niliposikia Mama Zaina, mke wake, akipiga kelele.

Papa Amisi hakurudi. Si wiki ile, si mwaka ule, hata leo.

Siku ya tatu nilikwenda. Mama Zaina alikuwa ameketi kwenye mlango wake.

"Rangi uliandika," akasema kabla sijatoa pole. "Viti uliandika. Hata mulango yangu uliandika, bila kosa. Balipoingia kwa jirani, ulibasikia?"

"Nilibasikia, mama."

"Na uliikala."

"Niliikala."

Hakulia. "Basi, weye mwenye kujua kuandika, niandikie fasi gani bamemupeleka."

Tangu siku hiyo hadi alipokufa, kila nilipopita pale aliniuliza jambo moja tu: "Umeshaandika?"

Mwanangu, nakuona na simu yako, unavyowarekodi watu waliokimbia kutoka mji wa Kiwanja, wakikusimulia waliyoyaona. Sikukatazi. Ukweli utafutwe, hata ule wa ncha ya bawa, na Papa Amisi mwenyewe asingekubali rangi ya uongo. Lakini jina la aliyekuambia lihifadhi kichwani, mpaka yeye mwenyewe aseme litoke, na mlango wake usiuandike popote. Kabla hujauliza swali lako, jiulize nani atakayelilipia. Na siku utakapojua umemponza mtu, usikae kupima kama hofu yako ina haki. Pita hata kwenye tundu la kuku. Kuomba msamaha kunaweza kusubiri, mbio haziwezi.

Jeti ninayo bado. Ncha zake nilizipaka machungwa. Kiti cha mbele kina kijana wa mti, cha nyuma nimekiacha kitupu.

Mungu akuweke. Akupe miguu inayotoka nyumbani upesi kuliko yangu. Akupe na mtu wa kushika usukani unapokosea, na siku zote akurudishe kwenye mlango wako, wa rangi yoyote ile.