Ngamia Wasiomjua Mwenyewe

Jua la Garissa limefika utosini, lakini Abdihafid Warfa amevaa sweta. Kiyoyozi cha ofisi yake kinavuma, na chai ya maziwa imeletwa mezani bila kuagizwa.

"Nimechoka na kazi hii," anasema, akifunga kifungo cha juu.

Amechoka kwa miaka sita sasa. Ni mkuu wa ununuzi katika shirika moja la misaada. Mshahara ni laki mbili na nusu kwa mwezi, bima na gari juu yake. Anataka kuacha yote hayo afuge ngamia na kuuza maziwa mjini.

Ngamia anao tayari, nje kidogo ya mji. Anayewachunga ni dada yake mkubwa, Ebla, ambaye magoti yamemchosha. Amemwambia kaka yake wazi kwamba asipokuja kuwachukua mwaka huu, watauzwa.

"Kabla ya bima sikuogopa hata homa," anasema Abdihafid. "Sasa nikipiga chafya, nawaza nani atalipa."

Mwezi uliopita alijikaza kisabuni. Alichukua likizo ajaribu ufugaji, akaliacha gari ofisini, akaenda kwa miguu. Ngamia walimtazama, wakaendelea kutafuna. Akawaita kama baba yake alivyokuwa akiwaita. Mmoja akampa mgongo.

Ebla alicheka mpaka akakaa chini.

"Walaal, ndugu yangu, hii ngamia haijui wewe," akamwambia. "Inajua gari. Ikisikia gari, inajua maji imekuja."

Kumbe kila Jumamosi Abdihafid alikuwa akiwapelekea maji kwa gari, anashuka, anapiga picha, anarudi.

"Iliniuma sana," anakiri. "Hata ngamia wangu wanaipenda kazi yangu kuliko mimi."

Siku ya nne ya likizo, asubuhi, alipita ofisini kuchukua chaja. Alitoka jioni.

Siku hizi analiacha gari mbali na kubeba mitungi begani. Jumamosi iliyopita ngamia mmoja mchanga alimfuata, akanywa, kisha akachungulia nyuma yake kulitafuta gari. Abdihafid anasimulia hilo kwa furaha ya mtu aliyepandishwa cheo.

Anasema ataacha kazi baada ya Idi, inshallah. Ebla alipoambiwa, aliuliza swali moja tu: "Idi gani?"

Abdihafid anavua sweta, anainuka na kukizima kiyoyozi. Anataka kujizoesha, anasema.

Mwandishi wa makala haya anapoaga, jasho linamtiririka Abdihafid mpaka kidevuni, na bado hajakiwasha kiyoyozi.