Mlango Niliofunga Buna

Nilikosa mimi. Naanza na hilo mapema, kwa sababu nikipewa nafasi ya kujitetea huwa sinyamazi, na nimejitetea moyoni miaka mingi bila kupata nafuu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa elimu maalum, makao yangu Garissa. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka shule za Kaskazini Mashariki nikipima watoto ambao walimu wao walisema hawashiki masomo. Nilibeba sanduku la bati lenye vipande vya mbao, kadi za picha na kitabu cha maswali. Nikimaliza naandika: huyu masikio, huyu macho, huyu akili. Halafu napiga muhuri.

Wenyeji waliniita daktari wa akili. Sikuwa daktari, nilikuwa na mafunzo ya miezi michache tu. Lakini sikuwasahihisha, jina lilinikaa vizuri.

Basi nikafika Buna, mji mdogo wa Wajir, baada ya ukame uliomaliza mifugo ya watu. Mwalimu mkuu alikuwa amenitengea watoto sita. Wa mwisho alikuwa msichana wa kama miaka kumi, Dekha. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliohamia mjini baada ya ngamia kufa, na alikuwa na miezi minne tu shuleni. Mwalimu wake alisema, "Huyo hajawahi kufungua mdomo. Ni kama unafundisha ukuta."

Mama yake alimleta mpaka mlangoni. Nikamwambia angoje chini ya ukuta wa ofisi, maana kitabu changu kilisema mtoto apimwe peke yake, mahali patulivu. Hakuondoka.

"Mwalimu," akasema, kwa matamshi ya Kisomali yanayogeuza p kuwa b na v kuwa f, "huyu amekuwa mkubwa. Tumemfundisha hakuna kukaa ndani na mwanaume mgeni. Wacha mlango wazi, mimi nakaa habo tu. Sitaongea."

"Mama, hii ni kazi ya serikali," nikamjibu. Nikafunga mlango.

Ngoja nikwambie ukweli wote, maana nusu ya ukweli haisaidii. Haikuwa sheria ya kitabu peke yake. Nilikuwa na njaa, na msafara wa malori uliosindikizwa na polisi ulikuwa unaondoka saa sita. Barabara ile wakati huo ilikuwa na majambazi, ukiachwa na msafara umeachwa. Nilitaka kumaliza.

Dekha alikaa akitazama miguu yake. Nikamwonyesha picha, kimya. Nikamwekea vipande vya mbao, hakugusa. Nikamwuliza jina lake, akajifunika uso kwa ushungi na kutetemeka. Nami, daktari wa akili, nikaona ule mtetemeko nikauandika kama dalili.

Niliandika kwamba akili yake iko chini sana, apelekwe bweni la watoto maalum Garissa. Nikapiga muhuri, nikamwachia mama yake karatasi, nakala nikaibeba, nikakimbilia lori.

Wiki tatu baadaye nilirudi na Landrover ya ofisi kumchukua, yeye na shangazi yake wa kumsindikiza. Nilifika asubuhi, nimejaa ufahari wa mtu anayeokoa mtoto. Hata sijashuka vizuri, mama yake akanijia mbio, viatu hana.

"Ametoroka! Tangu swala ya alfajiri hayuko. Watoto walimwambia unamfunga kwa nyumba ya wazimu."

Kiangazi kilikuwa kikali, kisima cha karibu nje ya mji ni mwendo wa nusu siku, na fisi waliokuwa wameshiba mizoga ya ukame walikuwa wamezoea kusogelea watu. Mtoto wa miaka kumi, peke yake, kwa sababu ya kalamu yangu.

Tulimfuata watatu: Mzee Isaak baba yake, mimi, na jirani yao aliyejua kusoma nyayo. Gari halikuweza kupita kwenye miiba ile, tukaenda kwa miguu. Mzee Isaak angenitukana ningepumua. Alitembea mbele yangu na fimbo yake mabegani, mimi nikitazama mgongo wake nikijiuliza atageuka lini.

Jirani alikuwa akiinama na kusema polepole, "Habo ametoa fiatu. Habo amekaa, amechoka. Habo ameinuka."

Kisha akapiga magoti akagusa mchanga. Nyayo za fisi zilikuwa zimekatiza juu ya nyayo za mtoto.

"Nini?" nikauliza. Jirani akamwangalia Mzee Isaak, na Mzee Isaak akaangalia mbele, wakaendelea kutembea, kwa haraka zaidi.

Na hapa ndipo naona haya kuliko pengine pote. Unajua nilikuwa nawaza nini? Nakala ya ripoti, iliyoko Garissa. Nilikuwa napanga jinsi nitakavyoitoa kwenye faili na kuichoma kabla mtu hajauliza nani alimpima. Mtoto wa watu huenda ameliwa, na mimi nawaza faili! Nilimwomba Mungu, halafu nikaogopa kwamba Mungu ameyasikia na yale mengine.

Alasiri tuliona moshi. Palikuwa na nyumba tatu za mikeka, na ngamia wachache waliosalimika. Watu hao Mzee Isaak hakuwajua. Mwanamke mzee akatoka, wakasalimiana kwa salamu zile ndefu ambazo siku hiyo niliona hazitaisha, ndipo akasema, "Mtoto wako yuko ndani. Amekunywa maziwa."

Mzee Isaak akakaa chini palepale, akafunika uso kwa kikoi chake. Mimi nikakaa pia.

Yule ayeyo, ndivyo wanavyomwita bibi, alikuwa na Kiswahili cha sokoni. Akanieleza. "Amefika kiu imemshika. Tukauliza, wewe mtoto wa nani? Akatutajia baba, baba ya baba, mbaka juu, majina kumi na nne. Kwa jina la tisa tukakutana. Ni wetu."

Kutoka ndani ya nyumba nilisikia sauti ya msichana akiongea bila kupumua, na wanawake wakicheka. Nikainuka niingie. Sauti ikakatika.

"Kaa nje," ayeyo akaniambia. "Mtoto wa kike haulizwi hifyo. Uliza ukiwa habo."

Nikakaa nje juani, mlango wazi, ayeyo katikati yetu akitafsiri. Niliuliza maswali yaleyale ya kitabu. Dekha alijibu yote. Akanieleza alivyoshika njia, jua likiwa shavu lipi asubuhi, na kwa nini aliliacha korongo akapita kwenye mawe: aliona humo nyayo za fisi. Kisha akataja babu zake kumi na nne, kwa mpangilio, bila kukosea. Mimi wangu nawajua wawili.

Alipomaliza akaniambia kwa Kiswahili cha miezi minne, "Mwalimu, sasa andika."

Niliandika. Nikamgeukia baba yake nikamwomba ile karatasi ya kwanza niichane, nimpe nyingine, Dekha arudi darasani Jumatatu.

Mzee Isaak akaitoa mfukoni. Alikuwa ameifunga kwa mfuko wa plastiki ili isilowe jasho.

"Mimi nilibigana na ndugu zangu kumleta shule," akasema. "Walisema msichana ni wa kuchunga mbuzi. Nikawaambia huyu ana akili, mtaona. Sasa hii wamesomewa, iko na muhuri. Wanacheka." Akairudisha mfukoni. "Wewe ulitaka kumfunga. Sikubatii mtoto tena."

Nilirudi Buna mara mbili kumwomba. Mara ya pili nikaambiwa wamehama na mbuzi, upande wa Takaba. Mwalimu mkuu akanionyesha madawati matupu: wasichana wenzake walikuwa wameondolewa mmoja mmoja, wazazi wakihofia mtu mwenye sanduku la bati. Ile nakala ya Garissa sikuichoma. Niliandika ya pili kwa kalamu nyekundu nikaiweka juu yake, lakini iliyosomewa watu ilikuwa ile ya mfukoni, na hiyo sikuifikia kamwe.

Enyi mnaopima watoto wa watu, nawasihi: mama akikwambia acha mlango wazi, anajua kitu ambacho hakimo katika kitabu chako. Msikilize hata kama lori linapiga honi.

Mimi nilistaafu juzi. Mpaka siku ya mwisho, mtoto akinyamaza mbele yangu, nilikuwa nainuka, nafungua mlango, namwita mama yake. Halafu nangoja.