Bega Langu la Kushoto

Harufu ya pasi ya makaa inapogusa pamba yenye unyevu hunirudisha kijijini kwetu Bihambwe, katika nyumba yetu ya udongo, siku za mvua ndefu, nguo zikikataa kukauka na mama akizipiga pasi huku zikifuka mvuke usoni mwake. Pasi yenyewe haikuwa yetu; aliiazima kwa mke wa katekista. Mimi nimewashonea watu nguo karibu miaka arobaini na harufu hiyo naivuta kila asubuhi bila kuijali. Lakini kuna siku inaniingia kwa namna nyingine, naacha mkasi mezani, nakaa. Leo ni siku ya namna hiyo, na kwa kuwa mmekaa nami, niwasimulie habari ya mfupa wangu.

Kuna mfupa unaoanzia chini ya koo na kwenda hadi mwisho wa bega. Kiswahili cha vitabuni kinauita mtulinga. Nyumbani tulisema tu mufupa ya bega. Wangu wa kulia ni mrefu, wa kushoto ni mfupi, na tofauti yake ni upana wa vidole viwili. Sikuzaliwa hivyo.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa ametumwa na Leta, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji, kwenda kuchimba barabara msituni upande wa Walikale. Aliondoka na blanketi na panga, akasema atarudi kabla ya mavuno. Mavuno yalifika, yeye hakufika. Nyumbani tulibaki mama, mimi na mdogo wangu Sifa, ambaye alikuwa bado hajui kutembea vizuri, na tumboni mwa mama mimba ya miezi saba. Shamba letu la maharagwe lilikuwa chini bondeni karibu na mto, na nyumba ilikuwa juu kabisa ya kilima, kwa hiyo kila tulichovuna tulikipandisha mgongoni, kitungani, kamba ikipita kwenye paji la uso. Ukibeba hivyo unainua mikono yote miwili kushika kamba karibu na masikio ili shingo isivutike. Mtoto wa kike alifundishwa kubeba hivyo kabla hajafundishwa kusoma.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ilikuwa kama sabuni. Niliteleza na kitunga changu, nikaangukia bega la kushoto. Sikumbuki maumivu sana. Nakumbuka matope yalivyokuwa baridi shavuni, na mama akishuka kunifuata kwa hatua ndogondogo, mkono mmoja chini ya tumbo.

Aliyenitibu alikuwa Papa Musafiri, mtu wa Walikale aliyekuwa ameoa kwetu, mwindaji wa zamani aliyejua kuunga mifupa. Alinikalisha juu ya kigoda, akaweka goti lake katikati ya mgongo wangu, akavuta mabega yangu yote mawili nyuma mpaka nikaona kiza. Kisha akanifunga kwa vipande vya kitambaa kuzunguka makwapa na kukutana mgongoni, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

"Asibebe kitu," alimwambia mama. "Ata kibuyu ya maji, apana. Mwezi ionekane mara mbili, njo nitafungua."

"Na maharagwe, Papa?" mama aliuliza.

"Ile maharagwe sijue. Mi najua mufupa."

Mama alimpa kuku na kumsindikiza hadi njiani.

Siku za kwanza nilikaa mlangoni na Sifa, nikimsimulia hadithi na kufukuza mbuzi. Mama alipanda na kushuka kilima peke yake. Miguu yake ilivimba hadi ikafanana na ya mtu mwingine. Jioni alikuwa akikaa chini, anaegemeza kichwa ukutani, na usingizi unamchukua kabla chungu hakijachemka. Mimi ndiye niliyesukuma kuni kwa mkono wa kulia. Maharagwe yaliyobaki shambani yalianza kuota ndani ya maganda yake kwa unyevu. Hilo hata mtoto alilielewa: yakiota yote, hatutakuwa na chakula wala mbegu.

Wiki ya tatu ilikuwa haijaisha aliponiita. Alisema bila kunitazama, akifunga kitenge chake.

"Riziki, leo utanisaidia. Nusu kitunga tu."

"Papa Musafiri alisema..."

"Minajua vile alisema, mutoto yangu."

Alinifungua vitambaa yeye mwenyewe, polepole, akavikunja na kuviweka juu ya mbao. Tukashuka. Wakati wa kupanda nilikuwa mbele yake. Tulipofika katikati ya kilima, nikiwa nimeinua mikono yote miwili kushika kamba, nilisikia kitu ndani ya bega kikiteleza, taratibu, kama kuni inayosogea chini ya kuni nyingine. Nilifungua mdomo. Nikasikia mama anavyopumua nyuma yangu, pumzi fupifupi zenye sauti. Nikafunga mdomo. Nilitembea hadi nyumbani na siku mbili zilizofuata nilibeba tena, hadi shamba likaisha.

Papa Musafiri alipokuja kwa mwezi wake wa pili, aligusa bega, akatikisa kichwa. "Imepona," alisema, "lakini imepona vibaya." Mama alikuwa ananyonyesha mtoto mchanga na hakuinua macho.

Tangu hapo mwili wangu ukawa na pande mbili zisizofanana. Bega la kushoto lilikaa ndani na chini kidogo, kama mtu anayetaka kupita penye mlango mwembamba. Kila gauni liliteleza upande huo. Kwenye shule ya misheni tulivaa magauni ya shingo pana, na langu lilikuwa linashuka hadi mkononi nikiwa nimeshika chaki, wasichana wakicheka. Mbaya zaidi ilikuwa jimunastiki. Mwalimu Agata, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, alitupanga mstari, tukanyoosha mikono pembeni, kila mmoja aguse bega la mwenzake. Mkono wangu wa kushoto haukufika. Nilipojivuta ufike, mstari wote ulipinda.

"Riziki, simama sawa."

"Nasimama, mwalimu."

"Hapana. Unalegea."

Alinifanyisha mazoezi. Kila asubuhi nilisukuma ukuta wa darasa mara ishirini, kisha nikaning'inia kwenye tawi la mparachichi hadi viganja viwake moto. Aliamini kwa dhati kwamba bega litafunguka, na mimi nikaamini pamoja naye. Baada ya muhula mzima mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu kuliko wa wavulana wengi, lakini pengo lilikuwa palepale. Papa Musafiri alicheka kidogo nilipomweleza. "Nyama inakomaa," alisema. "Mufupa iko vile iko."

Mwisho wa mwaka kulikuwa na sikukuu ya shule, na wasichana walitakiwa kucheza jimunastiki mbele ya wakubwa, wote katika magauni meupe. Mwalimu Agata aliniambia kwa upole kwamba nitakaa na watazamaji. Nilimweleza mama kama mtu anayetoa habari ya hali ya hewa. Yeye aliendelea kupeta mtama. Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni, akatembea saa mbili hadi misheni. Nilimwona kupitia dirisha la darasa, amesimama uani, kanga yake imelowa hadi magotini.

"Mwalimu," alisema, "usimuondoshe. Umuweke mwisho ya mustari, upande wa kushoto. Kule hakuna muntu wa kugusa."

Nadhani Mwalimu Agata alikuwa hajawahi kulifikiria. "Na gauni?" aliuliza.

"Gauni, mimi njo nitatengeneza."

Alichukua utepe wa mgomba, akaupima kutoka chini ya koo langu hadi mwisho wa bega la kulia, akafunga fundo. Akapima kushoto, akafunga fundo jingine. Alifumua gauni la misheni lote kwa wembe. Hakuwa na cherehani. Alishona kwa mkono, mshono hadi mshono: bega la kushoto akalipunguza, shingo akaipandisha, kisha ndani ya bega hilo akaweka mkunjo wa kitambaa cha zamani ili kwa nje yaonekane mabega mawili sawa. Nilipolivaa, kwa mara ya kwanza tangu nianguke, nguo ilikaa juu yangu na kutulia.

Sikukuu yenyewe haikuwa na la ajabu. Nilisimama mwisho wa mstari, mkono wangu wa kushoto ukinyooka kuelekea kwenye migomba. Wakubwa waliongea wao kwa wao. Mvua ilianguka kabla hatujamaliza. Lakini mwanamke mmoja aliyetoka Kitshanga alimwuliza mama nani alishona gauni lile, na baada ya hapo wanawake wakaanza kumletea vitambaa, nami nikakaa kando yake nikijifunza.

Ndiyo maana hadi leo, mteja akiingia, sianzii kiunoni kama mafundi wengine. Naangalia kwanza mfupa ule. Mwenye mrefu, kifua chake kinafunguka, hata kitambaa duni kinaning'inia vizuri. Huyo namshonea mkono wa kawaida na kumwacha. Mwenye mfupi kichwa chake huonekana kikubwa na mikono iko karibu na mwili. Huyo nampa mkono uliofura kidogo penye bega na shingo isiyo pana. Wengi hulaumu tumbo lao au mgongo wao. Wengine wamefundishwa kusimama sawa utoto mzima na watu ambao hawakujua wanamwomba mtu kitu gani.

Nilikuwa tayari mama wa watoto wanne nesi mmoja aliponishika bega, akasema mfupa ulivunjika, vipande vyake vikapandana, vikaungana vikiwa vimepandana. "Ungepumzishwa wiki sita ungebaki na urefu wake," alisema. Miaka yote nilikuwa nikidhani kosa ni langu, kwa sababu nilisikia ukiteleza na sikusema. Nilimwambia mama hivyo, siku moja alipokuwa mgonjwa na mimi nikimkanda miguu.

Alifumba macho, nikafikiri amelala.

"Nilikuwa nyuma yako," alisema. "Niliona bega ikishuka. Nikasema, tufike kwanza."

Utotoni niliamini mtu mzima hutenda vibaya kwa kutojua, na akijua huacha. Sikujua kwamba mtu anaweza kuona vizuri kabisa, akajua kila kitu, na bado awe na nusu ya kilima mbele yake na asiwe na mtu mwingine wa kumsaidia kubeba. Niliendelea kumkanda, kwanza mguu mmoja, kisha wa pili, mpaka akapumua kwa raha na kweli akalala.