Bega la Sadala

Sadala, mume wangu, alisimama uani kwa msikiti wa Mbwera akawaambia watu kwamba nilimpasua jipu akiwa hana fahamu. Alisema uongo. Kwa uongo huo niliachwa, nikafukuzwa kisiwani, na binti yangu Tatu akabaki kwao.

Hata hivyo sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mkata mikoko, mpole, mpenda kucheka. Alibeba boriti kwa bega la kulia tangu ujana, na ngozi ya bega hilo ilikuwa ngumu kama kisigino. Jioni alimpikia mwanawe uji, na wenzake wakimcheka aliwajibu, "Nyie mnaogopa chungu kuliko mamba."

Maji ya vita yalipoletwa, wanaume waliyanywa na kunyunyiziwa ili risasi za Mdachi zisiwadhuru. Yule aliyeyaleta kwetu aliwapa masharti: wasilale na wake zao, na chuma kisitoe damu miilini mwao mpaka vita viishe. Wakaacha hata kunyoa.

Siku hizo hizo kibanzi cha boriti kilimchoma Sadala begani. Pakavimba, pakawa jipu kubwa kama yai la bata. Mimi kutibu majipu nilifundishwa na mama yangu. Kazi yenyewe ni kutoa usaha, kisha kuosha kwa maji ya magome ya mkoko yaliyochemshwa na kupaka asali. Ukifanya moja ukaacha nyingine, umejisumbua bure.

Kaka yake, Dadi, alikuja akakaa mlangoni kwetu kulinda masharti.

"Shemeji, paka dawa. Wembe hapana."

"Nimepaka tangu juzi. Usaha uko ndani, dawa iko juu. Vitakutana wapi?"

"Paka tena. Nyie wanawake mnapenda kukatakata, mnadhani kila kitu samaki."

"Samaki ukimwacha hivi ananuka, shemeji. Na huyu ameanza."

Sadala alicheka, kisha akaguna kwa maumivu ya kule kucheka.

Homa ikapanda. Mkono haukuinuka tena, na kwapani pakavimba tezi. Mchana mmoja Dadi alikwenda na wenzake kwenye mazoezi ya vita. Sadala akanishika nguo.

"Mama Tatu, nipasue."

"Na maji uliyokunywa?"

"Nipasue tu. Nikifa kwa risasi watanililia. Nikifa kwa jipu watanicheka."

Nikachemsha wembe, nikampasua upande wa chini ili usaha ushuke wenyewe. Ulijaza bakuli. Nikaosha kwa maji ya magome mpaka yakatoka safi, nikatia utambi wa kitambaa kilichochemshwa, mdomo wa jeraha usije ukaziba kabla ndani hakujapona. Muda wote huo alikuwa macho. Alinikemea hata nisimwagie mkeka. Kisha akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu avimbe. Kila siku nilibadili utambi, nikaosha, nikapaka asali, na nyama ikaota kutoka chini kuja juu.

Dadi alipoona kitambaa hakunipiga. Alisema tu, "Umemtoa vitani, shemeji." Akavuka na wenzake kwenda vitani Umatumbi, na wengi wao hawakurudi. Dadi, ambaye wembe haukumgusa, risasi ilimpata.

Habari zilipofika, watu walikusanyika uani kwa msikiti, wakisema kuna aliyevunja masharti akawaharibia wote maji. Mwanamkuu, mjane wa Dadi, akamshika Sadala kanzu.

"Shemeji, mbona wewe upo? Nani aliyeharibu maji?"

Nilikuwa nimesimama na wanawake, nikamwona Sadala akirudi nyuma. Mwanamke yule alikuwa na watoto wadogo miguuni pake, na Sadala hakuweza kumtazama usoni. Akasema, "Sikujua. Mke wangu alinipasua nikiwa sina fahamu."

Woga ule naujua, na huruma ile naijua. Lakini aliyelipa ni mimi.

Sasa niko huku Kibiti, nalima na kutibu majipu ya watu. Wapitao husema Sadala ni mzima, anabeba boriti kama zamani. Sitaki anirejee. Ninachomdai Sadala ni maneno: asimame mbele ya watu wa Mbwera, Mwanamkuu akisikia na Tatu akisikia, aseme alikuwa macho, na ni yeye aliyeniomba nimpasue. Mpaka leo hajayasema.