Mwito Ndani ya Kichupa

Kabla ya kuajiriwa dukani Mchafukoge nilikuwa Buguruni nikiwashikia mafundi taa chini ya magari, na kabla ya hapo nilisukuma mkokoteni Kariakoo. Mimi si mtu wa kukaa mahali. Lakini kwenye duka lile la vifaa vya maabara nilikaa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kwa sababu kila boksi lilikuja na kitu nisichokijua, na bosi wangu, mzee wa Kihindi aliyerithi duka kwa baba yake, hakuchoka kuulizwa.

Alikuwa na sheria moja, aliyoibeba tangu enzi yeye na baba yake walipouza vyombo vya nyumbani Kariakoo. Mzigo unafunguliwa kaunta, mteja anauona kwa macho yake, ndipo unatoka. Balbu huwashwa. Ndoo hujazwa maji. Akishatoka nje, asirudi na maneno.

Siku ile mteja alikuwa dada mmoja mtafiti kutoka maabara ya Upanga. Mzigo wake ulikuwa umechelewa sana kutoka nje, na aliingia akihema.

"Shikamoo mzee. Kimefika?"

"Marahaba, mama. Kimefika. Ngoja tukione."

Ndani ya boksi jeupe, kama yale ya samaki, katikati ya barafu, kulikuwa na kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Mzee alikiinua kwenye mwanga, akakitikisa, akakigeuza juu chini. Kisha, kabla dada hajafika kaunta, akafungua mfuniko na kuchungulia.

"Hamna kitu," alisema. "Wamekuuzia hewa."

"Mzee, funga." Dada hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Taratibu. Usikipulizie pumzi."

Mzee akafunga. Dada akatueleza kwamba unga uliomo ni mchache mno kuonekana, na huenda ulikuwa umenasa kwenye mfuniko uleule alioufungua.

"Nitakuagizia kingine," mzee alisema. Nilimwona akiviangalia vidole vyake, kama vimeshika kitu.

"Kingine kikifika zitakuwa zimeshakufa."

"Zipi hizo?" nikauliza.

Dada akakirudisha kichupa kwenye barafu. Aliniomba nimbebee boksi, tukatoka kwa miguu kuelekea Upanga. Msukuma mkokoteni mmoja tuliyefahamiana akanipigia kelele, "Oya, samaki wako ana mimba nini? Mbona unambeba hivyo!" Kwa kawaida ningemjibu.

Njiani ndipo dada aliponieleza. Seli za damu zinazopigana na maradhi hupeana habari kwa protini, na iliyokuwa kwenye boksi ni mojawapo. Ni kama mwito: ishini, ongezekeni. Seli zikitolewa mwilini na kuwekwa kwenye sahani ya maabara, zikaukosa mwito huo, zinakufa.

"Na huu umetoka kwa nani?"

"Haujatoka kwa mtu. Wamechukua maelekezo ya kuutengeneza yaliyomo mwilini mwa mtu, wakayatia kwenye bakteria. Bakteria ndio wanaoutengeneza."

"Kwa hiyo ni mwito wa mtu, ila hakuna mtu aliyeita."

"Ndiyo hivyo."

Jua lilikuwa kali, lakini ubaridi wa boksi ulikuwa umeshanipenya kifuani. Nikalisogeza mbali na mwili wangu.

Tulipofika maabara, dada alikizungusha kichupa kwenye mashine ili chochote kilichonasa juu kishuke chini. Akatia maji maalumu, tone kwa tone. Kwangu mimi alikuwa anaosha chupa tupu. Kisha akafungua kabati la joto na kutoa sahani yenye seli za damu.

Damu ile, alisema, aliitoa kwa hiari yake mzee mmoja aliyeishi miaka mingi nyumba moja na wagonjwa wa kifua kikuu bila kuugua. Dada alitaka kujua mwili wake ulifanyaje.

"Si mumwombe damu nyingine?"

"Amefariki. Ijumaa iliyopita tulikwenda kumzika."

"Na hizi?"

"Hizi zilikuwa humu ndani, bado hai."

Aliniruhusu kutazama kwenye hadubini. Niliona vidoadoa vimetawanyika, vingine vimefifia, kimoja kimoja, kila kimoja peke yake. Kisha akazidondoshea maji yale ya kichupani.

Mzee wangu ndiye aliyenituma nirudi baada ya siku chache. Mwenyewe hakutaka kupiga simu. Nilimkuta dada amekaa sakafuni kando ya meza ya hadubini, viatu amevua. "Tazama," alisema.

Havikuwa vidoadoa tena. Vilikuwa vimekusanyika makundi makundi, vimejazana, vinang'aa kingoni.

"Zimesikia," dada alisema. "Jana mjane wa yule mzee alinipigia, kunishukuru kwa kufika msibani. Nikakata simu haraka. Nilikuwa nimeishika sahani hii ya mumewe mkononi."

Niliondoa jicho polepole na kumwachia kiti, lakini hakukikalia.

Dukani, mzee alikuwa amesimama kaunta, ananisubiri.

"Zimeishi?"

"Zimeishi, bosi. Zimeongezeka." Nikamwambia ni za nani.

Aliifuta kaunta kwa kitambaa, pale pale alipokuwa amekifungulia kichupa, akairudia tena.

"Sisi kwetu tunachoma maiti," alisema. "Ili mtu asibakize kitu cha kuitikia."